M-Pesa ilivyotangazwa na wateja wake

Wadau, siku hizi kila kona ni habari ya masoko ya kidijitali. Kijana anafungua duka la nguo, hata rafu hajapanga, tayari ana ukurasa wa Instagram, namba ya WhatsApp na fungu la kulipia matangazo Facebook. Mwezi wa tatu wateja hawaonekani, lawama zote zinaiangukia intaneti. Mimi naona tatizo hili ni la zamani kuliko Facebook yenyewe, na pa kulionea vizuri ni Kenya ya mwaka 2007, enzi za simu za tochi.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007. Wengi tunadhani ilibuniwa ili watu watumiane pesa. Hapana! Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakiwa na msaada wa fedha kutoka DFID, iliyokuwa idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, walikuwa na wazo jingine: wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya wapokee mikopo na kuirejesha kwa simu. Majaribio yakaanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, kwa wateja wachache ambao hata 1,000 hawakufika.

Wateja wale wakafanya ya kwao. Wengine walinunua vocha na kumrushia ndugu kijijini. Wengine waliweka pesa kabla ya safari, wakaitoa walikofika ili vibaka wasiwakute nayo njiani. Wakatumiana wao kwa wao. Kampuni nyingi zingewarudisha kwenye mstari. Hawa waliweka kando habari ya mikopo, wakaingia sokoni na maneno matatu tu ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni "tuma pesa nyumbani".

Nani Kenya asingeelewa hapo? Baba yuko Nairobi, mama na watoto wako Kakamega au Kisii. Pesa ilikuwa inakwenda kwa mkono wa jamaa anayesafiri, kwa kondakta wa basi au kwa posta. Inachelewa, inamegwa njiani, pengine haifiki kabisa. Tangazo halikuhangaika kueleza mitambo, lilisema shida ya mtu.

Sasa, wanaofundisha masoko wakifika kwenye kaulimbiu hiyo huishia hapo na kupiga makofi. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kwingine. Ukimwambia mtu atume pesa Kakamega na huko hakuna pa kuitolea, umemdanganya. Ndiyo maana huduma ilianza na mawakala mamia kadhaa, wakafikishwa kwenye makao makuu ya wilaya zote. Wengi walikuwa wauza vocha waliokwisha kuzoeleka mtaani. Kwa hiyo tangazo la redioni na kibanda cha kijani pale stendi vilisema jambo moja.

Halafu bei, na hapa naomba msomaji uwe na subira kidogo na hesabu. Kujiandikisha bure, kuweka pesa bure. Kumtumia aliyejiandikisha ilikuwa shilingi 30 za Kenya, naye akitoa kiasi kidogo anakatwa 25. Kumtumia asiyejiandikisha kiasi hichohicho kidogo ilikuwa shilingi 75, ila yeye akitoa hakatwi kitu. Yaani mzigo wote unambeba mtumaji. Unadhani huyo mtumaji atafanya nini? Atampigia mama yake simu: "Mama, nenda kwa wakala ukajiandikishe!" Safaricom ikapata wapiga debe ambao haiwalipi mshahara, na mama anamwamini mwanawe kuliko anavyoliamini tangazo lolote.

Na kila pesa ilipotumwa, meseji iliingia kwenye simu ya mpokeaji, hata kama hajawahi kusikia jina M-Pesa. Ile meseji ilikuwa risiti na tangazo kwa pamoja. Ujanja huu haukuanzia Kenya. Sabeer Bhatia na Jack Smith walipoanzisha Hotmail Julai 1996, chini ya kila barua pepe ya mteja waliweka mstari wa kumkaribisha mpokeaji naye afungue anwani yake bure. Mwisho wa 1997 Microsoft ikainunua, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 8.

M-Pesa ilipita wateja milioni 2 ndani ya mwaka wake wa kwanza tu. Katikati ya mwaka huo zikatokea zile vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walikwama majumbani, benki zimefungwa, na ndugu wakawa wanarushiana pesa na vocha kwa simu. Hilo halikupangwa na mtu wa masoko, lakini huduma ilikuwa tayari iko mitaani.

Vodacom ikaileta Tanzania Aprili 2008. Jina lilelile, mitambo ya ukoo uleule. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja wapatao 280,000, wakati Kenya katika muda kama huo walikuwa wamefika milioni 2.7. Watanzania ni wagumu kuelewa? Acheni hizo. Safaricom ilishika sehemu kubwa mno ya soko la simu Kenya, hivyo mtumaji na mpokeaji walikuwa mtandao mmoja. Kwetu wakati huo baba alikuwa na Voda, mama alikuwa na Tigo, shangazi alikuwa na Zain, basi ile kazi ya "Mama, kajiandikishe" ikawa inagota mlangoni. Nchi yenyewe ni kubwa na mawakala walikuwa wachache, kwa hiyo tangazo lilifika vijijini kabla ya mahali pa kutolea pesa. Mawakala walipoongezeka, mambo yakabadilika, na leo kibanda cha miamala kiko karibu kila mtaa.

Nyie mlioko Sumbawanga, Mtwara na Kigoma, wakala wa kwanza alifika kwenu mwaka gani?