Ndiyo, Hapana na Uhalali wa Hoja: Mipaka ya Upatanifu katika Mantiki

Maana ya "na" katika hoja huelezwa vyuoni kwa jedwali la ukweli: "A na B" ni kweli pale ambapo A ni kweli na B ni kweli, vinginevyo si kweli. Maelezo hayo yanamtaka msomaji awe tayari anaielewa "na" anayofundishwa. Gerhard Gentzen, akiwa bado kijana huko Göttingen, alionyesha njia nyingine katika utafiti wake wa hoja uliochapishwa mwaka 1935. Kwake, kila kiunganishi kina kanuni ya kuingiza, inayosema ni lini mtu ana haki ya kuitamka sentensi yenye kiunganishi hicho, na kanuni ya kuondoa, inayosema ni lipi analoweza kulipata akishaikubali. Alidokeza kwamba kanuni za kuingiza ni kama fasili, na zile za kuondoa hazifanyi zaidi ya kutoa kilichokwisha kuwekwa. Kutokana na dokezo hilo fupi imekua nadharia nzima, ambayo Peter Schroeder-Heister aliipa jina la semantiki ya kiuthibitisho. Inadai kwamba maana ya maneno ya kimantiki hukaa katika namna tunavyothibitisha, na kwamba uhalali wa hoja upimwe hapohapo.

Dai hilo lilijaribiwa mapema. Mwaka 1960 Arthur Prior alibuni kiunganishi alichokiita "tonk". Huingizwa kama "au": ukiwa na A, unapata "A tonk B". Huondolewa kama "na": ukiwa na "A tonk B", unapata B. Basi kutoka "Leo ni Ijumaa" mtu anafika hadi "Mbili ni sawa na tatu" kwa hatua mbili tu. Ikiwa kanuni zinatosha kutoa maana, nini kinaizuia "tonk"? Nuel Belnap alijibu mwaka 1962 kwamba kiunganishi kipya hakiruhusiwi kuthibitisha jambo lisilokitaja ambalo halikuthibitika kabla yake. Dag Prawitz alikwenda ndani zaidi mwaka 1965: pale kiunganishi kinapoingizwa na papo hapo kuondolewa, uthibitisho umezunguka bure, na mzunguko huo lazima uweze kunyooshwa. Mzunguko wa "tonk" haunyooki. Uwiano huu kati ya kuingiza na kuondoa ndio Michael Dummett alioujengea hoja yake kubwa mwaka 1991, nami nitauita upatanifu. Kwa kipimo hiki kanuni za mantiki ya kiintuishonisti, isiyodai kwamba "A au si A" husimama daima, zinapita. Mantiki ya kiklasiki inakwama kwenye ukanushi, kwa kuwa inaruhusu kutoka "si kweli kwamba si A" kupata A, ilhali kanuni ya kuingiza ukanushi haikuweka kitu cha namna hiyo. Ni kuvuna pasipopandwa. Dummett akahitimisha kwamba Brouwer, mwanzilishi wa uintuishonisti, aliyekuwa ametilia shaka kanuni ya "A au si A" tangu 1908, alikuwa sahihi, na sababu yenyewe inatoka katika lugha, haikutoka katika hesabu peke yake.

Ninakubali kila hatua ya safari hiyo isipokuwa ya mwisho. Upatanifu unaweza kuikataa "tonk", lakini hauwezi kuamua kati ya Brouwer na wapinzani wake, kwa sababu kinachowatenganisha hakimo katika kanuni za kiunganishi chochote. Ushahidi wa kwanza umo katika kazi ileile ya Gentzen. Pamoja na mfumo uliotajwa alitunga mfumo wa sekwenti, ambamo madhanio huandikwa kushoto na mahitimisho kulia. Humo kanuni za viunganishi ni zilezile kwa mantiki zote mbili. Tofauti ni moja: ile ya kiintuishonisti hairuhusu zaidi ya sentensi moja upande wa kulia. Ondoa katazo hilo, uone. Kutoka A inafuata A. Kwa kanuni ya ukanushi, A ya kushoto inavuka kwenda kulia ikiwa "si A". Sasa kulia pana A na "si A" bila dhanio lolote, na "A au si A" imepatikana. Hakuna mzunguko uliofichwa, kwani Gentzen alithibitisha kwamba katika mifumo yote miwili hatua ya kupitia sentensi ya katikati inaweza kuondolewa daima. Aliyeonekana kuvuna pasipopandwa alikuwa tu na shamba pana zaidi.

Dummett alikuwa na jibu, na wanaolipuuza wanakosea. Mahitimisho mengi upande wa kulia, alisema, hayaeleweki ila kwa kuyasoma kwa "au". Hivyo mfumo unaodai kufasili "au" umeshaitumia. Isitoshe, hakuna anayejenga hoja kuelekea mahitimisho mawili kwa mpigo. Pingamizi hili linagonga penyewe, maana nadharia inayotafuta maana katika matendo ya watu haiwezi kujificha nyuma ya alama za karatasini. Greg Restall alitoa njia mwaka 2005: sekwenti isomwe kama katazo la kukubali yote yaliyo kushoto huku ukiyakataa yote yaliyo kulia. "Au" haihitajiki tena. Kinachohitajika ni kwamba kukataa kuwe tendo kamili, lisilo kivuli cha kukubali sentensi kanushi, kinyume na alivyoshikilia Frege.

Hapa matumizi ya Kiswahili yana neno la kusema, na nashangaa kwamba halijasikika zaidi. Ukanushi wetu hukaa ndani ya kitenzi, "alikuja" na "hakuja", ilhali kukataa kuna neno lake lenyewe. Mtu akiulizwa kuhusu mgeni, "Hakuja?", na akajibu "Ndiyo", amekubali kwamba mgeni hakuja. Akijibu "Hapana", msikilizaji anangoja "alikuja". Wapo wasemaji wanaojibu "Hapana, hakuja", lakini mtindo wa kwanza umekita mizizi na unaeleweka. Ndani yake "hapana" inaipokea kauli nzima, pamoja na ukanushi wake, na kuisukuma nje. "Ndiyo" inaipokea vilevile na kuiingiza. Namna ya kauli na tendo la msemaji ni vitu viwili. Ian Rumfitt, akifuata njia iliyofunguliwa na Timothy Smiley, alijenga mfumo wa namna hii mwaka 2000: aliyekubali A ana haki ya kukataa "si A", na aliyekataa "si A" ana haki ya kukubali A. Kuingiza na kuondoa vinapatana barabara, na mantiki inayotoka ni ya kiklasiki.

Wakosoaji wa Rumfitt wanasema mfumo wake umebebwa na kanuni zinazounganisha kukubali na kukataa, kama ile isemayo kwamba ikiwa kuikataa A kunaleta ukinzani basi ikubali A. Kanuni hiyo haihusu kiunganishi chochote, hivyo upatanifu hauna la kuihukumu. Wana haki kabisa, na ndilo ninalolidai. Uklasiki unakaa katika mpango wa hoja, na uintuishonisti unakaa hukohuko. Kauli kwamba hoja ina hitimisho moja, na kwamba tendo la msingi ni kukubali pekee, nayo haikupimwa kwa upatanifu; ilipokewa tu.

Mtetezi wa Dummett aweza kusema kwamba tukiacha mahitimisho mengi na neno "hapana", tukapima uhalali kwa uthibitisho mtupu, uintuishonisti utajitokeza wenyewe. Prawitz alibashiri hivyo katika miaka ya 1970. Matokeo ya karne hii hayamuungi mkono kirahisi hivyo. Tor Sandqvist alichukua misingi, yaani mikusanyo ya kanuni za sentensi sahili, akaita halali hoja inayosimama kila msingi unapopanuliwa. Mwaka 2009, kwa misingi ya kanuni nyepesi na viunganishi vichache vilivyochaguliwa, alionyesha kwamba uondoaji wa ukanushi maradufu unahalalishwa, bila kusema popote kwamba kila sentensi ni kweli au si kweli. Mwaka 2015 aliruhusu kanuni za msingi zitue madhanio, yaani ziyaachilie yakishatumika, akaieleza "au" kwa yale inayoturuhusu kuyahitimisha, na safari hii akapata mantiki ya sentensi ya kiintuishonisti hasa. Mwaka huohuo Thomas Piecha, Wagner de Campos Sanz na Schroeder-Heister walionyesha kwamba fasili kadhaa za uhalali zilizo karibu na ile ya Prawitz zinahalalisha kanuni ambazo mantiki ya kiintuishonisti haizithibitishi.

Mwintuishonisti anabaki na hoja nzuri kuliko ya upatanifu. Habari ya mgeni kufika ina wa kuichungulia mlangoni, ndiyo maana "hapana" ya kuikataa "hakuja" inatosha. Dai la Goldbach, kwamba kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, halina mlango wa kuchungulia. Anayekubali kwamba ama dai hilo ama ukanushi wake unasimama, kwa sababu tu kulikataa jambo hilo kumeleta ukinzani, adaiwe aeleze amepata nini mkononi. Na anayemkatalia haki hiyo adaiwe aeleze kwa nini tendo la kukataa, linalotosha sebuleni, lipungukiwe nguvu likifika kwenye namba zisizo na kikomo.