Fahamu utaratibu wa mchezaji kujizuia kwa hiari katika michezo ya kubahatisha

Na Mwandishi Wetu

Kujizuia kwa hiari ni utaratibu unaomwezesha mtu anayeshiriki michezo ya kubahatisha kuomba, kwa utashi wake mwenyewe, azuiwe kucheza kwa muda anaouchagua. Ombi likishapokelewa na kuthibitishwa, mwendesha mchezo hufunga akaunti ya mhusika, hukataa dau lake na huacha kumtumia matangazo hadi muda huo utakapomalizika.

Utaratibu huu ni tofauti na ahadi ya kuacha ambayo mtu hujiwekea moyoni. Ahadi ya moyoni hulindwa na mtu yule yule anayeshawishika kuivunja. Katika kujizuia, mchezaji huukabidhi ulinzi huo kwa mwingine. Huamua akiwa ametulia, pengine asubuhi baada ya kugundua kuwa fedha za ada ya mtoto zimekwisha, na uamuzi huo huendelea kumlinda jioni ambayo mshahara umeingia na mechi inakaribia kuanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutambua uraibu wa michezo ya kubahatisha kuwa ni tatizo la kiafya katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 1, 2022. Kwa msingi huo, mtu aliyeshindwa kuacha kucheza licha ya madhara anayoyaona hapaswi kubezwa kuwa ni mzembe. Anahitaji msaada, na kujizuia kwa hiari ni sehemu moja ya msaada huo.

Makala haya yanaeleza namna utaratibu huu unavyofanya kazi katika nchi ambazo kanuni zake zimeandikwa kwa kina, mipaka yake, na hatua ambazo mchezaji wa Tanzania anashauriwa kuzichukua.

Zuio na hatua nyingine za tahadhari

Zipo hatua tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ukomo wa fedha, ambapo mchezaji hupanga kiasi cha juu anachoruhusiwa kuweka kwenye akaunti yake kwa siku, wiki au mwezi. Hatua hii humfaa mtu ambaye bado ana udhibiti wa matumizi yake. Ya pili ni mapumziko mafupi ya siku au wiki chache, yanayompa mchezaji nafasi ya kutafakari. Ya tatu ni zuio lenyewe, ambalo hudumu kwa miezi au miaka na ambalo mchezaji hawezi kulifuta kwa kubadili mawazo.

Kufunga akaunti kwa njia ya kawaida si zuio. Mteja aliyefunga akaunti kama mteja mwingine yeyote anaweza kuifungua tena wakati wowote, na kampuni haina sababu ya kumkatalia. Kwa hiyo anayetaka kuzuiwa anapaswa kutamka wazi kuwa anaomba zuio, kwa muda gani na kwa sababu ya kushindwa kujidhibiti.

Mfano wa Marekani na Uingereza

Jimbo la Missouri nchini Marekani lilianzisha orodha ya watu waliojizuia kuingia katika kasino mwaka 1996. Wakati huo zuio lilikuwa la maisha, na aliyejiandikisha kisha akakutwa ndani ya kasino aliweza kushtakiwa kwa kosa la kuingia mahali asiporuhusiwa. Baadaye kanuni zililegezwa, na sasa mhusika anaweza kuomba jina lake liondolewe baada ya miaka 5.

Nchini Uingereza, mamlaka ya usimamizi huweka kanuni za zuio katika masharti ya leseni chini ya sheria ya mwaka 2005. Kwa michezo ya mtandaoni upo mfumo mmoja uitwao GAMSTOP, ulioanza mwaka 2018. Tangu Machi 31, 2020 kila kampuni yenye leseni ya kuendesha michezo hiyo katika England, Wales na Scotland inalazimika kuunganishwa na mfumo huo.

Mchezaji hujisajili bila malipo kwa kutoa jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya makazi, barua pepe na namba za simu. Kisha huchagua muda wa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Kampuni hulinganisha taarifa za wateja wao na zile zilizo katika mfumo, na anayelingana nazo huzuiwa. Kwa hiyo usajili mmoja humfungia mchezaji milango ya kampuni zote za mtandaoni zenye leseni, hata zile ambazo hajawahi kuzisikia.

Masharti manne ya mfumo huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, zuio haliwezi kufutwa kabla ya muda uliochaguliwa kumalizika. Pili, kampuni hufunga akaunti na kumrudishia mteja salio lake. Tatu, jina lake huondolewa katika orodha za watu wanaotumiwa matangazo. Nne, muda ukiisha, zuio haliondoki lenyewe. Mchezaji hulazimika kuomba liondolewe, na hata baada ya kuomba hupewa saa 24 za kutafakari. Asipoomba, zuio huendelea.

Maduka ya kubashiri, kasino, kumbi za bingo na kumbi za mashine za sloti zina mifumo yake tofauti. Mtu aliyejizuia mtandaoni hajazuiwa kuingia dukani, na aliyejizuia dukani hajazuiwa mtandaoni. Anayetaka ulinzi kamili hulazimika kujisajili katika kila mfumo.

Nafasi ya familia: mfano wa Afrika Kusini

Afrika Kusini imeweka suala hili katika kifungu cha 14 cha Sheria ya Taifa ya Michezo ya Kubahatisha, Na. 7 ya mwaka 2004. Mtu anayetaka kuzuiwa hujaza fomu maalumu na kuandikishwa katika daftari la taifa. Wenye leseni wanapaswa kuwa na fomu hizo katika maeneo yao ya biashara, pamoja na orodha ya vituo vinavyotoa matibabu na ushauri nasaha.

Sheria hiyo pia inamruhusu mwanafamilia, au mtu anayemtegemea mchezaji kiuchumi, kuiomba mahakama iamuru mchezaji huyo aandikishwe katika daftari. Mahakama ndiyo inayopima ushahidi. Utaratibu huo unatambua kuwa hasara ya mchezaji mmoja hubebwa na wengi: mwenza, watoto wanaosubiri ada na mzazi anayetegemea kutumiwa fedha za matumizi.

Mipaka ya zuio

Zuio lina nguvu pale tu ambapo orodha yake inafika. Taarifa zikiwa pungufu, au mchezaji akibadili barua pepe na namba ya simu, mfumo unaweza kushindwa kumtambua. Kampuni zisizo na leseni hazifuati orodha yoyote, na baadhi ya tovuti za nje ya nchi huwalenga kwa makusudi watu waliojizuia kwingine. Mtu anayehamia huko hupoteza ulinzi wote, ikiwemo nafasi ya kulalamika anapodhulumiwa.

Njia nyingine inayopitwa kimya ni akaunti ya mtu mwingine. Mchezaji aliyezuiwa humwomba rafiki au mdogo wake amwekee mkeka kwa simu yake. Anayekubali huona ametoa msaada mdogo, lakini kwa hakika amefungua mlango ambao mwenzake alijitahidi kuufunga.

Aidha, zuio halifuti madeni wala halitibu uraibu. Humpa mhusika muda, na muda huo unapaswa kutumika kupanga ulipaji wa madeni na kupata ushauri wa kitaalamu.

Mchezaji wa Tanzania azingatie nini

Hapa nchini, michezo ya kubahatisha huendeshwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na kusimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania iliyoanza kazi Julai 1, 2003. Mtu mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki.

Michezo ya kubashiri kwa sehemu kubwa huchezwa kwa simu. Namba ya simu ndiyo hutumika kufungulia akaunti, na fedha huingia na kutoka kwa huduma za pesa kwa simu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na laini zaidi ya moja. Mathalani, mtu mwenye laini tatu aliyeomba kuzuiwa kwa namba moja tu bado ana milango miwili wazi. Jumamosi mchana ujumbe wa bonasi ukiingia katika laini ya pili, uamuzi wake wote uko hatarini.

Kwa kuzingatia hali hiyo, anayetaka kujizuia anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Aorodheshe akaunti zake zote. Kumbukumbu za miamala ya pesa kwa simu za miezi kadhaa iliyopita zitamwonesha kila kampuni aliyoilipa na kiasi alichotumia. Jumla hiyo aiandike.

2. Atoe salio lililobaki, au aombe arudishiwe, na aulize hatima ya dau ambalo matokeo yake bado hayajapatikana.

3. Apeleke ombi la maandishi kwa kila kampuni. Ombi liwe na jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho, namba zote za simu anazomiliki, muda wa zuio, na tamko kuwa anaomba lisifutwe kabla ya muda huo. Aombe pia kutotumiwa matangazo.

4. Adai uthibitisho wa maandishi unaoonesha tarehe ya kuanza na kumalizika kwa zuio, na autunze pamoja na nakala ya ombi.

5. Afute programu za kubashiri katika simu na ajiondoe katika makundi ya mitandao ya kijamii yanayogawa mikeka.

6. Apange malipo ya lazima, kama kodi ya nyumba na ada, yafanyike siku ile ile mshahara au mapato yanapoingia.

7. Amweleze ukweli angalau mtu mmoja anayemwamini. Hata hivyo, namba ya siri ya pesa kwa simu isitolewe kwa mtu yeyote.

Kwa mchezaji anayekwenda dukani au kasino, ombi lipelekwe kwa msimamizi wa eneo husika, likiambatana na picha itakayowawezesha wahudumu kumtambua. Kila tawi analolizoea litajwe kwa jina.

Iwapo kampuni itaendelea kupokea dau au kutuma ujumbe wa kushawishi baada ya kuthibitisha zuio, mchezaji aanze kwa kuwasilisha malalamiko kwa kampuni hiyo. Asiporidhika, ayafikishe kwa Bodi akiwa na nakala ya ombi, uthibitisho, picha za ujumbe aliotumiwa na kumbukumbu za miamala. Malalamiko yenye vielelezo hushughulikiwa kwa urahisi kuliko maelezo ya mdomo.

Kwa upande wa tiba, huduma za afya ya akili hutolewa katika hospitali za umma, zikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma. Mgonjwa anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye na kupewa rufaa. Mtu anayefikiria kujidhuru kwa sababu ya madeni afikishwe katika kituo cha afya mara moja, na asiachwe peke yake.

Muda wa zuio unapomalizika

Siku ya mwisho ya zuio huhitaji maandalizi sawa na ya siku ya kwanza. Mchezaji anashauriwa kuiweka tarehe hiyo katika kumbukumbu zake na kukutana na mshauri au ndugu yake wiki kadhaa kabla. Maswali ya kujiuliza ni machache: je, madeni yamelipwa? Je, hamu ya kurejesha fedha zilizopotea imekwisha, au inasubiri mlango ufunguliwe? Mwenye shaka katika jibu lolote kati ya hayo aongeze muda.

Baadhi ya nchi huruhusu zuio la maisha. Mfumo wa taifa wa Australia uitwao BetStop, ulioanza Agosti 21, 2023, humpa mchezaji hiari ya kuchagua kuanzia miezi 3 hadi maisha yote.

Wananchi wanakumbushwa kuwa michezo ya kubahatisha ni burudani yenye gharama, wala si chanzo cha kipato. Aliyefika mahali ambapo gharama hiyo inalipwa kwa chakula na ada za familia anayo haki ya kuomba azuiwe, na walio karibu naye wana wajibu wa kumsaidia bila kumfedhehesha.