Kura ya Vigae katika Athene ya Kale

Ostrakon ni neno la Kigiriki lenye maana ya kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika. Kutokana nalo Waathene walipata jina la utaratibu wao wa kumwondoa mtu mjini kwa kura: ostrakismos. Mafunjo ya kuandikia yaliagizwa Misri kwa gharama, ilhali vigae vilizagaa kila mahali, na ncha yoyote kali ilitosha kukwaruza jina la mtu huyo juu yake.

Utaratibu huo huhusishwa na Kleisthenes, aliyeupanga upya utawala wa Athene baada ya ukoo wa dikteta Peisistratos kung'olewa mwaka 510 KK. Wa kwanza kuondolewa, mwaka 487 KK, alikuwa Hipparchos, jamaa wa ukoo huo huo.

Kila mwaka raia waliulizwa barazani kama wanataka kura hiyo. Wakikubali, walikusanyika sokoni siku iliyopangwa, kila mmoja na kigae chake. Kura zikifika 6,000, aliyetajwa na wengi zaidi alipewa siku 10 za kuondoka na miaka 10 ya kukaa ugenini. Hapakuwa na mashtaka wala utetezi, kwa kuwa hapakuwa na kosa. Kilichoogopwa ni nguvu ya mtu mmoja kuuzidi mji. Ndiyo maana aliyeondolewa hakunyang'anywa shamba, nyumba wala uraia. Aristides, aliyesifika kwa uadilifu, aliondolewa mwaka 482 KK, lakini Waajemi walipovamia aliitwa nyumbani na kupigana katika vita vya Salamis mwaka 480 KK.

Hata hivyo, ni kosa kuiona kura hii kama sauti safi ya umma. Mwaka 1937 wanaakiolojia walikuta kisimani, karibu na Akropoli, vigae 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistokles, na miandiko iliyomo ni ya watu 14 tu. Wapinzani wake walikuwa wameviandaa mapema ili wavigawe.

Hila za namna hiyo ndizo zilizoumaliza utaratibu wenyewe. Karibu mwaka 416 KK, mvutano ulikuwa kati ya wanasiasa Nikias na Alkibiades, na ilitarajiwa kwamba mmoja wao ataondoka. Wafuasi wao wakapatana kwa siri, wakaelekeza vigae vyao kwa mwanasiasa wa tatu, Hyperbolos. Yeye akafukuzwa, na Waathene hawakuipiga tena kura hiyo.