Kisu cha Kahura, kauli ya New York na uzazi wa pili

Mei 1916 Edwin Cragin, daktari bingwa wa uzazi wa New York, alisimama mbele ya madaktari wenzake na kutoa kauli ambayo hadi leo wajawazito wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala huambiwa kliniki bila kutajiwa mwenyewe: aliyejifungua kwa kisu mara moja, atajifungua kwa kisu daima.

Cragin anaonewa. Hotuba yake ya 1916 ilikuwa ya kuwasihi madaktari wasikimbilie upasuaji. Hata mfuko wa uzazi ushonwe kwa uangalifu gani, alisema, huwezi kuapa kwamba kovu litahimili mimba inayofuata. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kumpasua mama kwa mara ya kwanza. Akaongeza palepale kwamba kanuni hiyo imevunjwa mara nyingi, na kwamba mmoja wa wagonjwa wake alizaa watoto watatu kwa njia ya kawaida baada ya kupasuliwa. Maneno hayo hayakusafiri. Lililosafiri ni onyo, nalo likabadilishwa anwani: aliyeandikiwa ni daktari, aliyepelekewa ni mama.

Tatizo ni kwamba historia ya upasuaji wa uzazi husimuliwa na walioshika kisu, nao hunyamaza mtoto anapolia. Chukua kisa maarufu kuliko vyote katika ukanda wetu, cha Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879. Aliyekiandika ni Robert Felkin, mmisionari kutoka Uingereza, na maelezo yake yalichapishwa katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka 1884.

Mama alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, mimba ya kwanza. Alilazwa kwenye kitanda kilichoinamishwa, kichwa kikielekea ukutani, amekwisha kunyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Mkanda wa kitambaa cha magome ulimfunga kifuani, mwingine mapajani. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, mwingine akalituliza tumbo. Mganga alinawa mikono kwa pombe ileile, kisha kwa maji, na tumbo la mama likaoshwa vivyo hivyo. Akapiga ukelele mkali, umati uliokuwa nje ukaupokea, naye akapasua kutoka karibu na kinena hadi chini kidogo ya kitovu. Msaidizi alikuwa na chuma cha moto, akichoma kila palipovuja damu. Mtoto akatoka, kondo la nyuma likatolewa kwa mkono, mfuko wa uzazi ukakandwa hadi ukanywea. Haukushonwa. Kilichofungwa ni ukuta wa tumbo, kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa na kuzungushiwa uzi wa magome. Juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wazima.

Simulizi la Felkin linaishia hapo. Mimi ningetaka lianzie hapo. Kovu la wima kwenye mfuko ambao haukushonwa lingefanya nini mimba ya pili ilipofika miezi tisa?

Ulaya ya wakati huo haikuwa na cha kutufundisha. Huko nako mfuko kwa kawaida uliachwa bila kushonwa, na kina mama wengi walikufa. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia, Italia, alilimaliza swali la uzazi wa pili kwa kuung'oa mfuko wenyewe baada ya kumtoa mtoto. Mwaka 1882 Max Sänger wa Leipzig akafundisha jinsi ya kuushona, na mama aliyepasuliwa akaanza kurudi nyumbani akiwa na matumaini ya kuzaa tena. Cragin alizungumza miaka 34 baadaye, akizungumzia mkato wa wima sehemu ya juu ya mfuko, yaani palepale misuli inapokaza kwa nguvu zaidi wakati wa uchungu. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Miaka ya 1920 John Munro Kerr wa Glasgow alipigania mkato wa mlalo sehemu ya chini, ambako ukuta ni mwembamba, hauvutiki sana, na kovu linashika vizuri. Sababu ya kauli ya Cragin ikaondoka, kauli ikabaki.

Marekani ilisubiri hadi 1980 wataalamu wake wakutane na kutamka kwamba wengi wenye kovu la mlalo waruhusiwe kujaribu. Kufikia 1996, kina mama 28 kati ya kila 100 waliowahi kupasuliwa walijifungua kwa njia ya kawaida. Kisha visa vya mfuko kupasuka vikafika mahakamani, na mwaka 1999 chama cha madaktari wa uzazi cha huko kikataka daktari wa upasuaji awepo papo hapo wakati wote wa uchungu. Hospitali ndogo zikafunga mlango. Haikupita miaka kumi, idadi ikawa chini ya 10.

Uingereza leo humwambia mama kwamba kati ya 100 wanaojaribu, 72 hadi 75 hufaulu, na mfuko hupasuka kwa mmoja katika 200. Uchambuzi wa tafiti za Afrika kusini mwa Sahara uliotoka 1997 ulipata wanaofaulu 69, lakini waliopasuka ni wawili hivi katika kila 100. Kwa maoni yangu tofauti hiyo haitokani na maumbile ya wanawake wetu. Inatokana na nani anakaa kando ya kitanda saa tisa usiku akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko umbali gani.

Na hesabu zetu si za Wamarekani. Mwenye watoto wawili anaweza kupasuliwa mara mbili akafunga kazi. Tanzania, kwa utafiti wa 2022, wastani ni watoto 4.8 kwa mwanamke, na kila kisu huongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu la zamani, damu ikakosa mzuiaji. Wakati huohuo visu vinaongezeka: Muhimbili, hospitali ya rufaa inayopokea kesi ngumu, waliojifungua kwa upasuaji walikuwa 19 kati ya kila 100 mwaka 2000, wakafika 49 mwaka 2011.

Anayetamani kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya kupasuliwa hufika kliniki na kuulizwa jambo ambalo yeye hawezi kulijua: mkato wa ndani ulipita wapi? Kovu la ngozi halisemi, kwa kuwa mstari wa mlalo juu ya kinena unaweza kuficha mkato wa wima ndani. Ataulizwa pia kwa nini alipasuliwa, maana ambaye mtoto wake alitanguliza makalio ana nafasi nzuri kuliko ambaye njia ilifunguka yote na mtoto asishuke. Majibu yalipaswa kuwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitali, na mara nyingi karatasi hiyo ina tarehe na neno operesheni, basi. Daktari wa zamu akikosa majibu hayo hupanga siku ya kisu, na mimi simlaumu. Namlaumu aliyeshona miaka mitatu nyuma akaona kalamu ni nzito.