Mbio za Magari ni Michezo? Ubishi Uliohamia Shirimatunda

Juzi nimebishana na mhariri wangu. Si ugomvi wa kushikana mashati, ni ule ubishi wa kawaida wa chumba cha habari jioni gazeti likikaribia kufungwa. Nilipeleka habari ya mbio za magari. Akasoma mistari miwili, akanirudishia: "Hii wapelekee watu wa biashara. Michezo ni mtu kutoka jasho. Hapa linalokimbia ni gari, dereva kakaa zake kwenye kiti!" Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana jibu sikuwa nalo.

Mwisho wa wiki nikapanda basi kwenda nyumbani, Shirimatunda, Moshi. Jirani yetu mmoja ni mzee aliyestaafu ufundi wa magari. Nikamsimulia. Akatulia kidogo, kisha akaniambia kwamba miaka ya 1960, akiwa kijana mdogo, walisimama barabarani na wenzake kwenye mvua wakisubiri magari ya Safari. Gari moja likasimama, dereva akashuka kukaza nati. Uso mzima tope, macho mekundu, mikono inatetemeka mpaka spana ikamponyoka mara mbili. "Mwanangu, kamwambie bosi wako kwamba yule mtu alikuwa na jasho," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953, zikiitwa East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa za Pasaka, yaani katikati ya masika, na njia ikafika takriban kilomita 5,000. Usidhani kulikuwa na uwanja uliozungushiwa uzio. Zilikuwa barabara hizi hizi zetu, zenye mabasi, ng'ombe na madaraja yaliyozama. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyomaliza ni saba. Mwaka 1968 tena, saba tu.

Sasa rudi kwenye hoja ya bosi wangu. Kama gari ndilo linaloshinda, basi mwenye gari bora angeshinda kila mwaka. Viwanda vya Ulaya vilileta magari yao, mafundi wao na madereva wao wenye majina makubwa. Lakini tangu 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari! Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla ya hapo ushindi ulibaki kwa watu walioishi huku, waliojua tope lipi linabeba gari na lipi linameza.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi wa Kenya mzaliwa wa Kericho, akiwa na mdogo wake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, si jipya la kiwandani. Joginder alirudia tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1966 na 1967 zamu ilikuwa yetu: Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi Tanzania, alishinda mfululizo kwa Peugeot 404. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kusikia jina hilo? Halafu yuko Shekhar Mehta. Familia yake ilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na mwaka uliofuata akashinda Safari. Akaongeza nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mwaka 1974 huo huo, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Hakuna anayeuliza kama Bayi alikuwa mwanamichezo. Lakini kukaa macho siku kadhaa, kushika usukani kwenye giza na mvua, na kuamua ndani ya nusu sekunde upite kushoto au kulia, hiyo nayo ni kazi ya mwili na akili. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ambayo kwa miaka mingi kanuni zake zilikataa michezo inayotegemea nguvu za injini, ililitambua rasmi shirikisho la magari duniani, FIA, mwaka 2013.

Kwa hiyo nimeshinda ubishi? Nilidhani hivyo, mpaka nilipomuuliza yule mzee swali la mwisho: "Babu, na nyie mlitamani kuendesha?"

Akacheka sana. "Sisi tulikuwa wa kusukuma. Gari likikwama, tunaitwa. Likitoka, linaturushia tope, linaondoka."

Jibu hilo limenikaa kooni. Tazama orodha ya washindi wa zamani: walowezi wa Kizungu na Waasia wenye gereji. Weusi wengi walikuwa mafundi, wasukumaji na watazamaji. Patrick Njiru wa Kenya alikuja kung'ara na Subaru miaka ya 1990, lakini wa namna yake walikuwa wachache. Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021, sasa ndani ya Kenya peke yake, na bado gharama ya gari moja inamzuia kijana wa kawaida. Kukimbia ni tofauti. Mtoto wa Shirimatunda anaweza kuanza leo jioni, pekupeku.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mbio za magari ni michezo, na historia ya barabara zetu inathibitisha. Bosi wangu alikosea alipotafuta jasho kwenye injini. Ila anayetaka zihesabiwe kuwa michezo yetu ajibu kwanza swali la wale waliosukuma: mlango wa kuingilia uko wapi?

Jumatatu narudi kazini. Habari naiandika upya, safari hii ikianza na wasukumaji, na naiweka tena mezani kwake. Akiitupa, mtanisikia hapa hapa.