Viatu vya Kazini kwa Wahudumu wa Afya: Vipi Vinafaa, Vipi Ni Hatari

Ukiingia wodini asubuhi wakati wa kubadilishana zamu, hebu tazama miguu ya watu. Nesi mmoja kavaa raba, mwingine kroksi zenye matundu, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kavaa vile viatu vya wazi vya kwendea mjini. Halafu mama wa usafi, anayebeba mifuko ya taka, yuko na ndala.

Glovu na barakoa tunazikumbuka siku zote, ila miguu tunaisahau. Na ukweli ni kwamba chochote kikianguka hospitalini, iwe sindano, damu, dawa au chupa, kinaelekea chini, na chini ndipo miguu ilipo.

Makala hii inakueleza kiatu gani kinafaa, kipi uachane nacho, na ufanye nini mguu ukichomwa.

Hatari zenyewe ni zipi?

Kwanza ni vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika ikidondoka kwenye kidole kilicho wazi, inachoma. Ikiwa imetoka kwa mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa kwa kuchomwa mara moja ni karibu asilimia 0.3, yaani watu 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B si mchezo: kwa mtu ambaye hajachanjwa, uwezekano ni kati ya asilimia 6 na 30.

Pili ni majimaji. Damu, maji ya uzazi, matapishi na mkojo vikiingia kwenye michubuko au nyufa za kisigino, ngozi yako haina tena kinga.

Tatu ni kuteleza. Sakafu ya vigae iliyotoka kupigwa deki ikikutana na soli iliyolika, mtu anaanguka na trei yake mkononi.

Nne ni vitu vizito. Mtungi mkubwa wa oksijeni unaweza kuwa na uzito wa mtu mzima. Ukikuangukia na ndala, vidole vimekwisha.

Sifa 5 za kiatu kinachofaa

1. Kimefunika vidole na sehemu yote ya juu ya mguu. Hakina tundu hata moja juu.

2. Kimeshika kisigino. Kiatu cha kuchomeka tu kinachomoka ukikimbilia mgonjwa.

3. Hakinywi maji. Ngozi, plastiki au mpira vinafutika. Raba za kitambaa zinafyonza damu, na ukishaloa unatembea nayo mpaka zamu iishe.

4. Soli yake ni ya mpira, ina mistari na inashika chini. Ukiigeuza ukakuta imekuwa laini kama sahani, muda wake umeisha.

5. Kisigino ni kifupi na kipana. Zamu ya saa 12 juu ya kisigino kirefu ni maumivu ya mgongo na magoti.

Vipi kuhusu kroksi?

Hapa ndipo ubishi mwingi ulipo. Mtu anakwambia, "Mbona ni nyepesi na zinaoshwa?" Ni kweli. Tatizo ni yale matundu ya juu, maana damu inapita na sindano inapita. Zipo za aina hiyohiyo zisizo na matundu na zenye mkanda wa nyuma. Hizo angalau zinakubalika wodini, mradi soli iwe inashika. Zenye matundu ziache nyumbani.

Kila idara na kiatu chake

Wodini na kliniki: Kiatu cha ngozi kilichofunika au raba ya ngozi inatosha.

Leba: Hapa majimaji ni mengi na yanakuja ghafla. Mabuti ya mpira, yale mengi wetu tunayaita gambuti, ndiyo yanayofaa. Aproni ishuke mpaka ipite mdomo wa buti, la sivyo majimaji yanatiririkia ndani.

Chumba cha upasuaji: Viatu viwe vya humo humo, visitoke kwenda kantini na kurudi. Vile vifuniko vya kuvalisha juu ya kiatu visikudanganye. Vinazuia kiatu kuchafuka, lakini mwongozo wa CDC ya Marekani wa mwaka 1999 ulishauri visivaliwe kwa lengo la kuzuia maambukizi ya kidonda cha mgonjwa. Vingine pia vinateleza.

Maabara: Mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004 ulikataza viatu vya wazi mbele. Tone la asidi kwenye kidole halisubiri ukimbilie bomba.

Usafi, ufuaji na uchomaji taka: Hawa ndio wanaohitaji mabuti kuliko wote, na mara nyingi ndio wa mwisho kupewa. Daktari anaiona sindano anayoitumia. Mfanya usafi haioni ile iliyofichwa ndani ya mfuko wa taka au kwenye shuka lililokunjwa. Wapewe mabuti marefu yenye soli nene, na sindano zote zitupwe kwenye boksi lake na si kwenye mfuko.

Wakati wa mlipuko

Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Kwa magonjwa kama hayo na Ebola, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mabuti ya mpira yasiyopitisha maji. Kiatu cha kawaida chenye kifuniko ni cha pale tu mabuti yanapokosekana.

Namna ya kuvisafisha

Buti likiingia damu, vaa glovu nzito, futa uchafu, kisha tumia maji ya klorini ya asilimia 0.5. Kama jiki yako imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji. Soma lebo kwanza, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Acha dakika 10, osha kwa sabuni, suuza, kausha kivulini. Klorini inaharibu ngozi, kwa hiyo kiatu cha ngozi kifute haraka kabla damu haijakauka, tena ukiwa na glovu.

Usivae buti lililolowa ndani, fangasi watakushukuru. Badilisha soksi kila siku. Na viatu vya kazini usiingie navyo chumbani ambako mtoto anatambaa.

Ukinunua kwa hela yako

Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyokuwa mwisho wa zamu. Vaa na soksi unazotumia kazini. Acha nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Kiatu kikunje: kipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kwenye mitumba, kagua chini ya soli. Ukiona herufi SRC au SR kwenye kiatu, kilipimwa kwa kuteleza, lakini kama soli imelika herufi hizo hazikusaidii tena.

Nani anatakiwa kulipa?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ya Tanzania inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2007. Mabuti ya leba na ya mfanya usafi ni vifaa vya kujikinga, sawa na glovu. Yakikosekana, andikeni kwa maandishi kupitia kiongozi wa idara au kamati ya kuzuia maambukizi. Kulalamika koridoni hakuachi kumbukumbu.

Sindano ikichoma mguu

Vua kiatu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usichane, usimwagie jiki. Toa taarifa hapo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema kadiri iwezekanavyo, isizidi saa 72, na zinatumika siku 28. Ulizia pia kuhusu homa ya ini B. Kama hujachanjwa, usisubiri uchomwe ndipo uanze kuuliza chanjo.

Kesho ukiingia zamu, kabla ya kuvaa glovu, angalia chini. Vidole vyako vikionekana, bado hujawa tayari kwa kazi. Na ukimwona mama wa usafi na ndala, msemee. Mara nyingi yeye hana wa kumsemea.