Maji ya kijani ziwani: sampuli hutunzwaje, na vijidudu huhesabiwaje?

Maji ya Ziwa Victoria yanapogeuka kijani kama yamemwagiwa rangi, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kenya na Ghuba ya Mwanza upande wa Tanzania, swali tunalopata ni lile lile: tunywe au tusinywe?

Rangi hiyo ni ya planktoni, viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Wengi hawana neno. Samaki wetu wanawategemea. Lakini wapo, kama maikrosistisi, wanaoweza kutoa sumu inayodhuru ini. Kwa macho huwezi kujua.

Shida ni kwamba viumbe hawa hawasubiri gari la maabara. Ndani ya chupa iliyoachwa juani wengine huoza, wengine huliwa na wenzao. Ndiyo maana wataalamu hutia dawa palepale mtumbwini: Lugoli, yaani iodini na iodidi ya potasiamu. Kipimo chake tumekipenda: unadondoshea mpaka maji yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Vijidudu hufa, umbo hubaki, na wengi huwa wazito wakazama. Chupa ikae gizani, kwa sababu mwanga hufifisha iodini. Ya kioo ni bora, plastiki huinyonya.

Maabara sampuli huachwa itulie kwa saa nyingi, kisha waliozama huhesabiwa kwa hadubini inayotazama kutoka chini. Wengine hutumia kigae cha kioo kinachobeba mililita 1, chenye miraba 1,000. Ukihesabu miraba 100 ukakuta seli 300, mililita nzima ina takriban 3,000. Maikrosistisi husumbua hapa: ana vijifuko vya hewa vinavyomfanya aelee, tena hukaa kwa mafungu, hivyo mafungu huvunjwa kwanza.

Ila hesabu hiyo haikwambii kuna sumu kiasi gani. Kwa sumu huchotwa chupa nyingine isiyo na Lugoli, ikawekwa kwenye baridi na giza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 ya maikrosistini-LR kwa lita ya maji yanayonywewa miaka yote.

Na hili tulirudie, maana wengi wanakosea: kuchemsha hakuondoi sumu hii. Moto unaweza hata kupasua seli zikaimwaga zaidi. Utando wa kijani ukitanda mwaloni, usichote hapo maji ya kunywa wala ya kupikia, watoto wasiogelee, na ng'ombe wanyweshwe kwingine.